Mwanga wa Mahindi

Ukiwa mpiga video pande za Mautuma, adui yako wa kwanza si ukosefu wa kamera. Ni hema. Namaanisha lile hema la kijani la kukodisha, au lile jekundu lenye pindo za njano, linalotumika matanga wiki hii na harusi wiki ijayo. Jua la saa sita linapita kwenye kile kitambaa, linafika chini likiwa limebadilika rangi, na watu mia mbili waliokaa pale wanakuwa wa kijani kama wamekula uyoga mbaya. Ukijaribu kuiambia kamera nyeupe ni ipi, itakusikiliza nusu. Mhubiri amesimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Ukiliponya shavu lililo kivulini, lile lililo juani linageuka waridi. Na hapo emsii ameshatangaza kwamba familia isogee mbele kwa picha.

Hii kazi nimeifanya miaka sita sasa. Mautuma ni wadi ya Lugari, kaunti ya Kakamega, nchi ya mahindi. Ukisogea kidogo tu uko Turbo, na Turbo ni Uasin Gishu. Wateja wangu wengi hawahudhurii hafla wanazozilipia. Wako Doha, wako Riyadh, wako Minnesota, wanapiga hesabu ya tikiti ya ndege na kuona heri hiyo pesa inunue ng'ombe wa matanga. Mimi ndiye naenda kwa niaba yao. Nikiwatumia video, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilitumia lenzi gani. Wanauliza, "Mama alionekana?"

Swali linaonekana rahisi mpaka ujaribu kulijibu.

Babu yangu alipofariki mwaka 2011, tulikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho. Albamu ya familia iliteketea na nyumba ya baba mkubwa upande wa Turbo, Januari 2008, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Ile picha ndogo ya kitambulisho ikapelekwa Eldoret ikuzwe iwe ya kubebwa mbele ya jeneza. Ilirudi ikiwa na koti, kola nyeupe safi kabisa, na juu ya kola doa jeusi. Macho hayapo, pua haipo. Mzee alikuwa mweusi ile weusi ya kung'aa, na kamera iliyompiga mbele ya ukuta mweupe iliamua ukuta ndio muhimu. Binamu yangu mdogo, wakati huo ana miaka minne, aliuliza mbele ya watu mbona babu amegeuza kichwa.

Sikujua wakati ule kwamba kuna maelezo. Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, inadhani dunia kwa wastani ni kijivu kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga, na inarekebisha kila kitu kifike hapo. Muweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au bati linalometa, kamera itashtuka, itapunguza mwanga ili kuokoa ukuta, na mtu wako atazama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini enzi za filamu kulikuwa na zaidi ya hapo. Maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha mwanzoni. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa, endelea. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliiandika hiyo historia mwaka 2009, na sehemu ninayoipenda, au ninayoichukia, inategemea nimeamkaje, ni kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti. Mbao nyeusi na nyeupe hazikuwa zinatofautiana. Chokoleti chungu na ya maziwa zilionekana kitu kimoja. Sasa fikiria, watoto wetu wamekuwa wakitoka madoa kwenye picha za shule miaka hiyo yote, na aliyetuletea afueni ni kabati.

Basi. Septemba iliyopita shangazi yangu alipiga simu kutoka Doha.

Shangazi hajaolewa. Amefanya kazi za nyumba za watu Ghuba tangu nikiwa darasa la nne, na nusu ya mabati yaliyo kwenye boma letu yamenunuliwa na jasho lake. Alitaka nimrekodi Kukhu, nyanya yangu, akiongea kuhusu shamba. Si video ya kumbukumbu ya kuwekwa muziki wa kinanda. Kukhu alikuwa amemwambia kwa simu, mara nyingi, kwamba ekari tatu za upande wa mto ni zake yeye shangazi, na kwamba babu mwenyewe alisema hivyo kabla ya kufa. Wajomba, yaani kaka zake yeye, ambao kwangu ni baba wakubwa na wadogo, walikuwa wanasema mama amezeeka, anachanganya mambo, anasema chochote anachoambiwa na aliyempelekea sukari.

"Nataka waone uso wake akisema," shangazi aliniambia. "Sauti watasema ni ya mtu mwingine. Nataka uso."

Akatuma shilingi 40,000. Zikaingia M-Pesa nikiwa kwenye bodaboda, nikamwambia jamaa asimame kwanza nisome tena.

Mshikaji wangu wa kazi, tunayeshirikiana naye harusi kubwa, aliona hiyo pesa kama mlango wa mbinguni. Alitaka tukodi Sony A7S III kutoka Nairobi, ile inayoona gizani kama paka. Alitaka taa mbili kubwa zenye boksi za kitambaa, kitelezi cha kupitisha kamera polepole, na droni ya kuonyesha mipaka ya shamba. Sitamcheka, kwa sababu kuhusu ile kamera alikuwa na pointi nzuri kuliko alivyojua mwenyewe. Kamera zetu zote mbili, Canon yangu ya zamani na Sony A7 III yake, hukata zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59. Si betri wala joto. Ulaya walikuwa na sheria ya ushuru iliyosema kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi ni kamera ya video, na kamera za video zilitozwa zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakaziwekea kamera za picha kikomo sekunde moja kabla. Mwanamke wa Mautuma anataka kusema kuhusu ekari tatu, na atakatizwa katikati ya sentensi na ofisi ya forodha ya Ubelgiji. Ile A7S III haina hicho kikomo.

Kikomo kilinitisha kuliko giza. Nilijua baba mdogo atakachotafuta kwenye video ni mkato. Mahali picha inaporuka, hata kidogo, hapo ndipo atasema, "Mnaona? Hapa mlimwambia cha kusema." Kwa hiyo kabla ya kufikiria mwanga nilijua kitu kimoja: sentensi ile lazima iwe ndani ya kipande kimoja kizima, kisichokatika, na watu waliokuwepo waonekane.

Lakini kukodi kutoka Nairobi kulikuwa kunakula zaidi ya nusu ya pesa, pamoja na amana, pamoja na parseli ya basi mpaka Eldoret, jiji siku hizi, na siku mbili za kusubiri. Nikapendekeza njia ya kimaskini. Kamera mbili tulizonazo, moja ianze, nyingine ianze dakika kumi baadaye. Moja ikikata, nyingine bado inaendelea, na saa ya ukutani tuitundike mahali zote mbili zinaiona. Mshikaji aliniangalia kama nimemwambia tutumie simu.

"Na droni?"

Droni nilimwambia tumuulize Kukhu. Kwanza, tangu kanuni za 2020 huwezi kurusha droni Kenya kienyeji tu. Kuna usajili na leseni za mamlaka ya usafiri wa anga. Pili, nilitaka kusikia atasema nini. Tulimweleza kwamba ni ndege ndogo yenye kamera, itamuona yeye na shamba lote kutoka juu. Kukhu akafikiria.

"Wa kuniona kutoka juu yuko tayari," alisema. "Nyinyi nioneni kutoka hapa."

Pesa tuliyoitumia kwa vifaa ilinunua maiki moja ya kubana kwenye nguo, kadi mbili mpya za kuhifadhia na betri mbili za ziada. Iliyobaki niliiweka. Ukiniuliza, kwa mahojiano ya mtu mmoja maiki inakuja kabla ya taa, kila siku. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo. Hatavumilia kukisia maneno, hasa maneno ya kugawa shamba, na pale kwetu kuna mashine ya posho inayonguruma kutoka asubuhi na jogoo asiyejua saa.

Kuna jirani, karani mstaafu, aliyetuketisha kabla hatujaanza. Alisema tusijidanganye kwamba video ni wosia. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na una nguvu tu kama aliyeusema atafariki ndani ya miezi mitatu. Wa maandishi ndio wa maana: uwekwe sahihi au alama na mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Kukhu alisikiliza yote akichambua mboga.

"Kwa hiyo mnataka nife kabla ya Februari?"

Tukacheka mpaka karani akavua miwani. Tukakubaliana: yeye angeandika karatasi, Kukhu angesema kwa mdomo wake mbele ya karani na mzee wa mtaa, kisha angeitia alama palepale, na kamera zingeona vyote. Karatasi ni ya korti. Video ni ya kaka zake shangazi, ambao hawaogopi karatasi.

Tulipanga Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba, saa tatu asubuhi, sebuleni. Nitasema kidogo tu kuhusu sebule kwa sababu haikufaa. Dirisha moja dogo, kuta za samawati ya kukolea, na balbu ya LED ya bei ya soko. Balbu za namna hiyo zina shida mbili. Ya kwanza, mwanga wake una upungufu wa wekundu, na ngozi yetu chini yake ina wekundu mwingi. Ukiuondoa unabaki na majivu. Ya pili, stima yetu inapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu ya bei rahisi inapepesa mara 100 ndani ya hiyo sekunde bila jicho kuona. Kamera inaona. Sony ya mshikaji ililetwa kutoka Marekani na alikuwa ameizoea kwa mipangilio ya huko, ambako stima ni 60. Ukiiacha hivyo, mistari ya giza inapanda ukutani kama maji. Unaibadilisha kwenda fremu 25, shata moja ya hamsini, mistari inatulia. Ukiona video ya harusi ambapo bibi harusi anapepea kama taa ya matatu, sasa unajua.

Tuna taa moja nzuri, Godox SL60W. Wati 60, rangi ya mchana, nyekundu zinatoka nyekundu. Inakula stima ya ukutani tu, haina betri, na ina feni ndani yake inayopumua kama mtu aliyepanda mlima. Tuliiwasha, tukaifunika kitambaa, Kukhu akaketi. Akainua mkono mbele ya uso.

Nilijua jicho lake la kushoto linamsumbua. Sikujua kwa kiasi gani, wala hakuna aliyejua, maana Kukhu ukimuuliza anasema ni vumbi. Mtu mwenye mtoto wa jicho, taa kali haimwangazii kitu. Inatawanyika ndani ya lile wingu na kumjazia jicho lote weupe. Tukaisogeza taa nyuma. Ukiirudisha taa umbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo, kwa hiyo ilipofika mahali ambapo hakunji uso, ilikuwa haimfikii vya maana. Tukaigeuzia dari. Dari ni mabati yasiyo na silingi, yamefanya kutu, na kutu ikamrudishia mwanga wa rangi ya chai.

Saa nne kasoro stima zikapotea. Mshikaji hakusema kitu. Alikaa juu ya sanduku la taa na kuangalia simu yake. Kukhu aliuliza kama basi ameruhusiwa kwenda kugeuza mahindi.

Sasa, hapa ndipo nataka kukaa.

Novemba na Desemba, kila boma huku kwetu lina turubai limetandazwa uani na mahindi juu yake. Mahindi meupe, yamepukuchuliwa, yanakaushwa kabla ya kuingia gunia, na mtu lazima akae hapo kufukuza kuku na kuangalia mawingu. Kukhu ndiye anayekaa. Ana kiti chake kifupi na kijiti. Mchana tulikula, mvua ikatishia ikapita, tukakunja na kukunjua turubai. Ilipofika karibu saa kumi niligeuka kumuuliza kitu na nikanyamaza.

Jua lilikuwa nyuma yake, limeanza kuinama juu ya paa la jikoni. Yeye alikuwa ameangalia mahindi. Na yale mahindi, labda hatua nane kwa sita za weupe wenye umanjano kidogo, yalikuwa yanachukua jua lote na kumrudishia usoni kutoka chini, polepole, bila ukali. Kila kitu kilikuwa kinaonekana. Mikunjo chini ya macho, mchoro wa mdomo, lile kovu la paji la uso ambalo kwa kawaida kitambaa cha kichwa hulitia kivuli. Mchana, jua la kwetu limepanda sana na macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Huu mwanga ulikuwa unaingia kwenye mashimo. Nyuma yake ulikuwepo ukuta wa udongo wa jikoni, upande uliokuwa kivulini, mweusi kidogo kuliko yeye, kwa hiyo kamera haikuwa na bati wala anga la kukimbilia.

"Kukhu, usitoke hapo."

"Nitoke niende wapi?"

Mshikaji alielewa kabla sijamaliza kueleza, na hilo nampa. Alikimbia kuleta stendi mbili. Aliporudi alikuwa ameshika pia poda, ile ya maharusi, kwa sababu Kukhu alikuwa ameenda kunawa na akajipaka Vaseline mpaka paji la uso likawa linang'aa.

Hapo tulibishana kidogo. Yeye amefundishwa, kama sisi wote, kwamba uso unaong'aa ni uso mbaya kwenye video. Hiyo ni sheria ya ngozi nyingine. Ngozi nyeupe mwanga unaingia na kurudi ukiwa umesambaa, uso wote unajionyesha wenyewe. Ngozi nyeusi kama ya Kukhu inachukua sehemu kubwa ya mwanga na kubaki nao. Kinachokuonyesha umbo la uso ni ule unaoteleza juu. Ukiupaka poda umeua ule mteremko. Umebaki na doa. Unachotaka ni kitu kikubwa, kipana, cheupe, kilicho karibu, kijichore juu ya yale mafuta. Kitu kama turubai la mahindi. Nilimwambia aache poda, na tena ashushe pundamilia.

Pundamilia ni ile mistari ambayo Sony inachora juu ya picha kukuonyesha sehemu iliyofika kiwango fulani cha mwanga. Wengi huiacha 70, kwa sababu video zote za mafunzo zinasema uso uwe 70. Uso wa nani? Ukimsukuma Kukhu mpaka 70 unapata mwanamke wa kijivu ambaye simjui. Tulishusha mpaka karibu 50, sehemu ya shavu inayopokea mwanga zaidi, na akabaki mweusi. Niliona kwenye skrini weusi wa babu, ule ambao mtu wa kitambulisho hakuupata.

Karani na mzee wa mtaa walikaa upande wa kulia, ndani ya fremu ya Canon. Saa ya ukutani ilining'inia kwenye msumari wa jikoni. Sony ikaanza saa kumi na dakika kumi, Canon dakika kumi baadaye. Nilimwambia Kukhu aanze popote.

Alianza mbali. Alianza na lori lililowatoa Maragoli baada ya Uhuru, yeye na babu na mtoto mmoja na kuku kwenye kikapu, wakati mashamba ya wazungu yalikatwa vipande na watu wakaja kukaa huku kwa mkopo. Alieleza ule mkopo, jinsi mzee alivyoulipa mwaka baada ya mwaka, akatoa risiti kutoka kwenye mkebe wa Kimbo na kuzionyesha kwa kamera moja baada ya nyingine, akizishika kwa kingo kama picha. Alinyamaza kufukuza kuku. Aliongea kuhusu mwaka wa njaa. Sony ikakata, sikumwambia kitu, mshikaji akaiwasha tena kwa kidole kimoja na Canon ilikuwa inaendelea.

Saa kumi na dakika arobaini na tano, kwa saa ya kwenye msumari, alisema. Alisema kwa Kiluhya, akatulia, akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anamsomea karani maneno ayaandike, na kweli karani alikuwa anaandika. Upande wa mto, kutoka mti wa mkuyu mpaka kwenye njia. Wa msichana. "Baba yake alisema, na mimi nasema. Sijachanganya. Leo ni Jumamosi, mahindi haya ni ya shamba la juu, na wewe mwenye kamera hujanywa chai." Akaitia karatasi alama ya kidole, wale wawili wakaweka sahihi. Jua likaingia nyuma ya paa, mahindi yakazimika kama mtu amebonyeza swichi, na tulikuwa tumemaliza. Huku karibu na ikweta jua haliagi.

Sitawadanganya kwamba video ilimaliza kesi. Siku ya pili ya Krismasi baba mkubwa na baba mdogo waliitazama kwenye simu yangu, mezani, na wanawake wakajifanya wana kazi palepale karibu. Baba mdogo aliirudisha ile sehemu mara tatu. Alikuwa anatafuta mkato, kama nilivyojua atautafuta. Mara ya nne hakuangalia saa wala karani. Alikaribisha simu usoni.

"Mama amezeeka," alisema.

Hakusema kuchanganyikiwa. Akainuka akaenda nje. Mpaka sasa ninapoandika hajakubali na hajakataa, lakini kwenye yale mazungumzo ya WhatsApp ya familia hakuna tena anayeandika kwamba Kukhu anasema asichokijua.

Shangazi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tano. Nilidhani ni wa shamba. Dakika tatu za kwanza hakutaja shamba. Alikuwa ameitazama kwenye televisheni ya chumba cha wafanyakazi, kubwa, wenzake wa Uganda na Ufilipino wakiwa wamekaa naye, na alichokiona ni macho. Ukiangalia ile video, jicho la kulia la Kukhu lina nuru ndogo ndani yake, umbo la turubai kabisa. La kushoto lina nuru hiyohiyo lakini nyuma yake kuna weupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Miaka yote ya simu za video, kwenye ile sebule, hakuwahi kuliona. "Mbona hamkuniambia limefika hapo?" Nilimjibu ukweli, kwamba sisi tunaoishi naye pia tuliliona siku ileile.

Zile pesa zilizobaki, ambazo mshikaji alikuwa bado anazihesabia kodi ya A7S III, zilienda Sabatia, hospitali ya macho kule Vihiga. Amepewa tarehe. Juzi aliniita kando akaniuliza kama huko ndani wana taa kali. Nikamwambia wanayo, kali kuliko ile yangu, lakini wanatia dawa kwanza.

"Na hiyo ya kwako uliipeleka wapi?"

Nikamwambia iko kwenye sanduku, chini ya kitanda.

"Iache hukohuko," alisema, akarudi kwa kuku wake.